Nguvu za Kutoka na Kuingia

Somo: Yoshua 14:6-14
Soma pia: Kumbukumbu la Torati 31:1-2; 2 Samweli 19:31-39; Isaya 46:3-4; Yohana 21:18

 

Jumapili niliposema somo letu ni nguvu za mwili uzeeni, vijana kadhaa wa viti vya nyuma walianza kuangalia simu. Niliwaambia, na ninawaambia tena hapa kwa maandishi: somo hili ni lenu pia. Nguvu za miaka 80 hazianzi kutafutwa ukiwa na miaka 80. Na hata kama wewe una miaka 22, kuna shosho au guka, kogo au kugo, anayekutegemea umfahamu. Kwa hivyo weka simu chini, tusome.

Kalebu amesimama mbele ya Yoshua pale Gilgali. Nchi inagawanywa. Hesabu yake ameiweka wazi kama mtu aliyeandika kwenye daftari. Alikuwa na miaka 40 Musa alipomtuma kutoka Kadesh-barnea kwenda kupeleleza nchi. Miaka 45 imepita. Jumla ni 85. Hafichi umri wake. Hajiiti kijana. Anasema miaka yake, halafu anasema Mungu ndiye aliyemweka hai.

Sasa sikia anachoomba. Haombi shamba tambarare kando ya barabara. Anaomba mlima, ule uliokuwa na Waanaki na miji yenye ngome. Sisi wa Mau Narok, tunaoishi zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, tunajua mlima ni nini. Tunajua kupanda ukiwa na mtungi wa lita 20 mvua ikiwa imenyesha, na mabuti yamejaa matope mpaka kila mguu una uzito wa mtoto. Mzee wa miaka 85 akiomba mlima, huyo anajua anachosema.

Lakini nataka ushike jambo moja katika mstari wa 11. Kalebu anapoeleza nguvu zake anataja vita, halafu anataja kutoka na kuingia. Vita huja mara moja moja. Kutoka na kuingia ni kila siku. Mungu alimhifadhia yote mawili, la shujaa na la kawaida. Mimi leo nabaki na hilo la kawaida, kwa sababu hapo ndipo wazee wetu wengi wanaposhindwa, kimya kimya, bila kumwambia mtu.

KUTOKA NA KUINGIA NI NINI HUKU KWETU?

Ni kuamka kitandani bila kuitisha mtu. Ni kwenda choo usiku, na vyoo vya wengi wetu viko nje, nyuma ya nyumba, na baridi ya huku mnaijua. Ni kuchuchumaa na kuinuka. Msicheke. Nimeketi na wazee wanaopunguza kula na kunywa maji ili wasiende choo mara nyingi, kwa sababu wakichuchumaa hawajui kama watainuka. Hiyo ni shida ya nguvu za mapaja, na mtu anaona aibu kuitaja hata kwenye maombi.

Kutoka na kuingia ni kuwasha jiko, kufunga vifungo vya koti, kufika kanisani kwa miguu yako na kutoa sadaka kwa mkono wako mwenyewe.

Yesu alilijua jambo hili. Katika Yohana 21 alimwambia Petro kwamba ujanani alijivalisha na kwenda alikopenda, lakini akizeeka atavalishwa na mwingine na kupelekwa mahali asipopenda. Najua maneno yale yalihusu kifo ambacho Petro angekufa. Lakini ona picha Bwana aliyoichukua. Aliichukua kwa sababu kila mzee anaielewa bila kufafanuliwa.

Na Biblia haitufichi gharama ya kupoteza nguvu hizo. Isaka alipozeeka na macho kufifia, alidanganywa ndani ya hema lake, na mke wake na mtoto wake, kwa sahani ya chakula. Leo tunaona hayo hayo. Tangu 2018 mpango wa serikali wa Inua Jamii umekuwa ukiwapa wazee waliosajiliwa wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Mzee asiyeweza kutoka humtuma mwingine akamchukulie, au humpa mwingine namba ya siri ya simu yake. Na si kila Yakobo anayerudi na zote. Mwambie jirani yako: miguu yangu inalinda pia mfuko wangu.

"PASTA, HAYO NI MAMBO YA MWILI"

Kuna mtu ananiuliza, "Pasta, sisi ni watu wa Roho, mambo ya mazoezi tuwaachie wa dunia." Haya, twende 1 Timotheo 4:8. Paulo anasema utauwa ndio wenye faida kubwa, maisha haya na yale yajayo. Mazoezi ya mwili anayapa faida kidogo. Wengi wanasoma hapo wanasikia sufuri. Kidogo si sufuri! Mimi digrii yangu ni ya biashara, na sijawahi kusikia mfanyabiashara anayetupa faida kwa sababu ni kidogo. Muulize mama anayeuza karoti sokoni.

Katika biashara tunafundishwa uchakavu. Ukinunua trekta leo, kila mwaka thamani yake inashuka, uitumie usiitumie. Na iliyoegeshwa nyuma ya ghala, kuku wakitaga ndani yake, huoza upesi kuliko inayolima na kupakwa grisi. Mwili nao unachakaa. Misuli huanza kupungua polepole baada ya miaka 30 au 40, na ukishapita 60 kasi inaongezeka. Lakini hapa Mungu alitofautisha kazi yake na ya mwanadamu. Trekta haiwezi kujitengeneza kwa kulima. Msuli unaweza. Ukiupa kazi kwa kiasi, ukaupa chakula na usingizi, unajijenga tena hata uzeeni.

Hilo limepimwa. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake kule Boston, Marekani, walichapisha utafiti juu ya wazee 10 dhaifu waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mdogo wao alikuwa na miaka 86, mkubwa 96. Kwa wiki 8 waliwafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu. Mmoja hakumaliza. Wale 9 waliomaliza, nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Yaani ziliongezeka zaidi ya mara mbili, ndani ya miezi miwili, kwa watu wa miaka 90! Wakati mwingine tunamwambia mtu wa miaka 65 kwamba ndiyo basi, uzee umefika. Nani alituambia?

Na huku kwetu tunao mashahidi. Mzee Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, mwezi wa Januari 2004, akiwa na miaka 84. Alitaka ajisomee Biblia. Sisi wahubiri hapo tuwe waangalifu, maana inasemekana alitaka kuhakikisha tunasema yaliyoandikwa! Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipompeleka kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani, kilomita kama nne kutoka shuleni, aliendelea kwenda darasani. Piga hesabu ya miguu hiyo, kwenda na kurudi. Alifariki mwaka 2009.

Halafu kuna Gogo Priscilla Sitienei wa Ndalat, kule Nandi, mkunga aliyezalisha watoto wa kijiji chake miaka mingi. Akiwa na zaidi ya miaka 90 alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, akikaa darasa moja na watoto wa uzao wake. Kipindi cha mazoezi kikifika alitoka nje na watoto, akajinyoosha kadiri alivyoweza. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99. Hakuna aliyetarajia aruke kama mtoto wa miaka kumi. Alitoka nje, basi.

WATOTO, MSIWAUE KWA UPENDO

Sasa nawageukia watoto, na hapa nitasema polepole.

Tunawapenda wazazi wetu. Tukipata kazi Nakuru au Nairobi, kitu cha kwanza ni kumwambia mama, "Mama, umeteseka vya kutosha, sasa kaa tu." Tunaajiri msichana wa kazi. Tunamnyang'anya jembe. Akitaka kuinuka kuchukua kikombe tunaruka, "Shosho, usiinuke!" Akitaka kwenda dukani tunaita boda boda. Majirani wanasema, ona vile huyo anatunzwa.

Mwaka mmoja baadaye, mama aliyekuwa akienda shambani hawezi kufika langoni. Tunasema uzee umemshika ghafla. Uzee haukumshika ghafla. Sisi tulimwegesha.

Kuheshimu baba na mama hakumaanishi kuwanyima kazi. Zaburi 92:14 inawaona wenye haki wakizaa matunda hata na mvi. Mti unaozaa matunda hauwekwi stoo. Mwachie mama kuku wake, ajiinamie mwenyewe kuokota mayai. Mwachie baba kitalu cha sukuma wiki. Mwache amenye minji, apepete maharagwe, apeleke mbuzi mmoja malishoni na kurudi. Wewe mwondolee yale ya hatari: ngazi, gunia, ng'ombe mkali, jembe la kulima ekari nzima. Kwenye gunia nasema kwa mkazo. Sheria ya 2019 inasema gunia la waru lisizidi kilo 50, lakini lumbesa tunazijua wote. Usimruhusu mzee aweke lumbesa mgongoni ati anaonyesha bado ni mwanaume. Kalebu aliomba mlima, hakuomba kuvunjika kiuno.

Na mpeni chakula cha kujenga mwili. Wazee wengi huku wanaishi kwa chai, mkate na waru. Waru ni baraka ya Mau Narok, lakini waru peke yake haijengi msuli. Yai, maziwa, maharagwe, njahi, minji, omena, kipande cha nyama kikipatikana. Kama meno hayapo, chemsha mpaka ilainike, ponda. Hiyo ni huduma, na ina thawabu.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inatambua haki ya wazee kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia na serikali. Ona: kushiriki na kutunzwa vyote vimewekwa pamoja. Ukimpa mzee matunzo ukamnyima kushiriki, umempa nusu.

WAZEE WETU, FANYENI HAYA

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawashauri watu wa miaka 65 na zaidi watembee au wafanye shughuli za kiasi kwa angalau dakika 150 kwa wiki, waimarishe misuli angalau siku 2, na wafanye mazoezi ya kujisawazisha yasiyumbe, angalau siku 3. Nimeyapanga kwa lugha ya nyumbani:

1. Kuketi na kuinuka. Chukua kiti imara, kiegemeze ukutani. Kunja mikono kifuani, inuka, keti polepole. Ukishindwa bila mikono, anza kwa kushika kiti au meza. Anza na mara tano, asubuhi na jioni. Hiyo ndiyo misuli ya chooni.

2. Kusimama kwa mguu mmoja. Shika meza au ukuta kwanza. Hesabu hadi kumi, badilisha mguu. Kuhani Eli alianguka kutoka kwenye kiti chake akiwa na miaka 98 na kufa. Kuanguka si jambo dogo, na kunaweza kupunguzwa.

3. Kutembea. Dakika 30 kwa siku tano zinatosha zile 150. Ukichoka, gawa: kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni. Subiri ukungu uondoke na jua litoke. Mwendo wa kukufanya upumue kwa kasi kidogo lakini bado unaweza kuongea.

4. Fimbo si aibu. Zekaria 8:4 inaonyesha Yerusalemu iliyobarikiwa: wazee wa kiume na wa kike wako barabarani, kila mmoja na fimbo yake kwa sababu ya wingi wa siku. Mungu alipoota mji mzuri aliweka fimbo ndani yake. Na wazee wako nje, hawajafungiwa chumba cha nyuma.

5. Njia ya chooni. Vijana wa kanisa, hii ni yenu. Wekeni mawe au changarawe penye matope, pigeni mti wa kushikilia ukutani, tengenezeni kiti cha mbao chenye tundu kwa asiyeweza kuchuchumaa, na mzee awe na tochi karibu na kitanda.

6. Kliniki. Kabla ya kuanza mazoezi mapya, kama una shida ya moyo, kizunguzungu au maumivu ya kifua, mwone daktari kwanza. Na tafadhali, dawa ya presha au sukari isiachwe kwa sababu umeombewa. Sisi tunaombea wagonjwa na tutaendelea kuomba, Mungu wetu anaponya. Ukiamini umepona, rudi upimwe, daktari ndiye akuambie upunguze dawa. Uponyaji wa kweli hauogopi mashine ya kupima.

NA WEWE USIYEWEZA TENA

Sitamaliza bila kusema na wale ambao Jumapili hawakuja kwa sababu hawawezi, na karatasi hii wanasomewa kitandani.

Kwenye Kumbukumbu la Torati 31, Musa ana miaka 120. Anawaambia Israeli kwamba kule kutoka na kuingia hakuwezi tena. Ni lugha ile ile ambayo Kalebu atakuja kuitumia. Mmoja anasema bado naweza. Mwingine anasema siwezi tena. Na wote wawili ni watumishi wa Mungu! Musa hakupungukiwa na neema kwa kusema hivyo. Alimwita Yoshua, akamkabidhi kazi mbele ya watu.

Mwangalie pia Barzilai, miaka 80. Alimlisha mfalme Daudi wakati wa shida. Daudi akamwita aje akae naye Yerusalemu. Barzilai akavuka Yordani pamoja na mfalme, kisha akakataa kwa upole. Ladha ya chakula haijui tena, sauti za waimbaji hazisikii tena, na anataka afe katika mji wake, karibu na kaburi la baba na mama yake. Akamtoa Kimhamu aende badala yake. Ona hekima hiyo: alikwenda mpaka pale nguvu zilipofika, halafu akasema mwenyewe, "hapa panatosha." Hakuna aliyemwamulia. Hata huko ni kujitegemea.

Watoto, hapo napo tujifunze. Hata kama baba hawezi kutembea, bado anaweza kuamua. Muulize anataka kula nini. Muulize kabla ya kuuza ng'ombe wake. Usiongee juu yake mbele yake kama vile hayupo. Miguu ikiisha, heshima haiishi.

Na wewe uliye kitandani, sikia Isaya 46. Pale Mungu anawacheka miungu ya Babeli, Beli na Nebo, wanaobebwa na wanyama wakawachosha. Halafu anawageukia watu wake na kuwakumbusha kwamba yeye ndiye amewabeba tangu tumboni, na atawabeba mpaka mvi. Kubebwa si laana. Uliingia dunia hii ukibebwa, na huyo aliyekubeba hajachoka. Zaburi 71 ni maombi ya mtu anayezeeka akiomba asitupwe nguvu zinapopungua. Mungu asingeyaweka katika neno lake kama hakukusudia kuyajibu. Nasi kanisa tuwe sehemu ya jibu hilo: kuanzia mwezi huu, kila ushirika wa nyumbani uandike majina ya wazee wake wasiofika ibadani, na wiki isipite bila mtu kugonga mlango.

Kwa hivyo anayeweza mlima, aombe mlima. Anayeweza lango, afike langoni. Anayeweza kuinua mkono tu, auinue mbele za Bwana.

TUOMBE

Baba, asante kwa pumzi ya leo. Wazee wetu wape nguvu za kutoka na kuingia. Imarisha magoti, linda mifupa, ondoa hofu ya kuanguka. Watoto wape heshima isiyowafunga wazazi wao. Waliolala kitandani, wabebe wewe mwenyewe, na utufundishe kuwabeba pamoja nawe. Katika jina la Yesu, Amina.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:
1. Ni kazi gani mmemwondolea mzee wa nyumbani kwenu ambayo bado angeiweza?
2. Njia ya kwenda chooni kwake ikoje usiku mvua ikinyesha? Nani ataitengeneza, na lini?
3. Wewe uliye chini ya miaka 50, mwili wako wa leo unamwekea nini mzee utakayekuwa?